Niliambiwa "kaombe mtandaoni" kila meza: nirudi tena kwenye maonyesho ya ajira?

Swali: Shikamoo dada. Nasoma sosholojia, mwaka wa tatu. Mwaka jana nilikwenda kwenye maonyesho ya ajira ya chuo chetu, nikapanga foleni kutwa nzima na kugawa CV nyingi. Kila meza niliambiwa neno lile lile: kaombe mtandaoni. Niliomba na sikujibiwa. Waajiri wengi walikuwa benki, kampuni za simu na za ujenzi, sikuona anayemhitaji mtu wa fani yangu. Halafu mimi si mzungumzaji. Nikisimama mbele ya mtu nisiyemjua maneno yanakauka mdomoni, na alama zangu ni za wastani. Maonyesho ya mwaka huu yamebakiza wiki tatu. Niende, au siku hiyo niitumie kwa mambo mengine?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nenda. Ila usiende tena kugawa CV, kwa sababu hapo ndipo siku yako ya mwaka jana ilipopotelea.

Nimekaa upande wa pili wa meza hizo kwa miaka mingi nikitafutia kampuni wafanyakazi, na sasa nawaandaa wanafunzi kabla hawajaifikia meza. Kinachoniuma kila mwaka ni kumwona kijana mwenye uwezo akiondoka na mfuko wa vipeperushi, ameamini kwamba amekataliwa, ilhali hakuna aliyemkataa. Ni nadra sana mtu kuajiriwa pale pale ukumbini. Kazi hutolewa baadaye, baada ya maombi, mchujo, usaili na sahihi ya mkuu wa idara ambaye siku hiyo hata hakuja. Ukumbini unafuata vitu viwili: habari ambazo hazimo kwenye tangazo la kazi, na mtu mmoja aliye ndani ya kampuni anayelijua jina lako. Ukivipata hivyo kwenye meza tatu tu, umefanya kazi kubwa kuliko aliyezunguka meza thelathini.

Nianze na hilo la "kaombe mtandaoni", maana ndilo lililokuvunja moyo. Kampuni nyingi zenye wafanyakazi wengi hupokea maombi yote kupitia mfumo mmoja wa kompyuta. Zinafanya hivyo ili kila mwombaji awe kwenye rejista moja, ajibu maswali yale yale, na kampuni iweze kuonyesha baadaye kwamba ilimpa kila mtu nafasi sawa. Afisa uliyemkuta mezani hana ruhusa ya kukupitisha mlango wa nyuma, hata kama amekupenda. Kwa hiyo maneno yale ni maelekezo, na mazungumzo yanapaswa kuanzia hapo. Wanafunzi wengi wakiyasikia husema asante na kuondoka. Wewe baki kidogo, kisha uliza: "Sawa, nitaomba leo jioni. Kati ya nafasi mlizotangaza, ni ipi inayomfaa mtu wa mwaka wa tatu? Na kwenye fomu, naweza kuandika kwamba tumezungumza hapa?"

Swali hilo la pili lina kazi yake. Fomu nyingi za mtandaoni zina sehemu inayouliza umeifahamuje kampuni, na wengi huijaza ovyo. Andika jina la maonyesho, tarehe, na jina la uliyezungumza naye kama amekuruhusu. Anayechambua maombi akiliona jina la mwenzake, mara nyingi humuuliza: huyu unamkumbuka? Ndiyo maana inafaa akukumbuke.

Na atakukumbuka vipi miongoni mwa mamia? Wengi wetu tulikuwa tukiandika. Mwanafunzi akigeuka tu, kalamu inafanya kazi nyuma ya CV yake au kwenye kishikwambi: alama ya vema, alama ya kuuliza, au maneno mawili matatu. Jioni tunakaa pamoja na kuzipanga karatasi katika mafungu. CV isiyo na neno lolote nyuma yake huingia fungu kubwa ambalo ni nadra mtu kulirudia. Yenye maneno kama "alifanya utafiti wa soko la mitumba, aliuliza kuhusu idara ya wateja" hurudi ofisini ikiwa juu. Ukija mezani, lengo lako ni kumpa yule mtu maneno hayo machache ya kuandika. Hukumpa mwaka jana, kwa sababu ulimpa karatasi.

Twende kwenye fani yako, na hapa nina mengi, kwa kuwa nimechoka kusikia wanafunzi wa sayansi za jamii wakijitoa mchezoni kabla hawajaingia. Unaposoma "kampuni ya ujenzi" ukadhani kila mtu humo ni mhandisi, unaisoma kampuni kwa kile inachouza. Isome kwa idara zake. Chukua mradi wa barabara au bwawa unaofadhiliwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi. Viwango vyake vya mazingira na jamii, toleo la 2012, vinamtaka mkopaji afanye tathmini ya athari kwa jamii, awashirikishe watu wanaoguswa na mradi na awe na utaratibu wa kupokea malalamiko yao. Kiwango cha tano kinahusu ardhi na watu wanaohamishwa. Nani anakwenda kukaa na wazee wa kijiji, kufanya madodoso, kuandika ripoti inayoeleza kwa nini watu wanaugomea mradi? Mhandisi hakusomea hayo. Umesomea wewe.

Benki nayo ina watu wanaochunguza kwa nini wateja wadogo huacha akaunti zao bila kuzitumia. Ina idara ya mafunzo, ya malalamiko, ya mikopo ya vikundi. Kampuni ya simu ina watafiti wa soko wanaoandaa madodoso na kuendesha mijadala ya vikundi, yaani kile kile ulichofundishwa kwenye somo la mbinu za utafiti. Ukifika mezani ukauliza, "Mna nafasi za watu wa sosholojia?" utajibiwa hapana, kwa sababu hakuna idara yenye jina hilo. Uliza hivi: "Nani kwenu anafanya utafiti wa wateja, na huwa mnamchukua mwenye ujuzi gani?" Hapo umemlazimisha afikirie idara, na mara nyingi atakutajia ambayo hukuijua.

Hii inamaanisha kazi yako inaanza kabla ya siku yenyewe. Vyuo vingi hutoa orodha ya waajiri mapema. Ichukue, chagua watano au sita, usizidishe. Watatu wawe wale unaowataka kwa dhati, na wengine wawe ambao hukuwahi kuwasikia. Hao wasiojulikana huwa na foleni fupi, na mara nyingi aliyekuja kukaa mezani ni bosi mwenyewe, anayeweza kuamua. Kwa kila mmoja soma matangazo yao ya kazi, hata yaliyokwisha muda wake, maana yanakuonyesha wanaajiri watu wa namna gani na kwa maneno gani. Kama kampuni imeuza hisa kwa umma, ripoti yake ya mwaka huwa inapatikana. Kurasa za mwanzo, pale mwenyekiti anapoeleza mwaka ulivyokwenda, zinakutosha kupata swali moja zuri.

CV iwe na ukurasa mmoja. Andika kwa maandishi ya kawaida, bila majedwali wala safu mbili, kwa kuwa baadhi ya mifumo ya kupokea maombi huvuruga mpangilio wa aina hiyo na mchambuzi akaona maneno yaliyochanganyika. Tumia maneno yaliyo kwenye tangazo. Kama wao wameandika "ukusanyaji wa takwimu" na wewe umeandika "kazi ya uwandani", anayetafuta neno la kwanza kwenye mfumo hatakuona. Chapisha nakala chache. Kuhusu mavazi sina la ziada: yawe safi, na viatu viwe unavyoweza kusimamia saa nyingi.

Sasa, kunyamaza. Umesema wewe si mzungumzaji kana kwamba ni ugonjwa. Mtu aliyekaa mezani tangu asubuhi amesikiliza hotuba zilizokaririwa mpaka zinafanana. Hahitaji hotuba nyingine. Anamhitaji mtu atakayesema kitu kifupi, cha kweli, kisha amsikilize. Watu wapole huliweza hilo, tatizo lao ni sentensi ya kwanza tu. Basi iandike. Iwe na jina lako, unachosoma, kitu kimoja ulichokifanya kwa mikono yako, na unachotaka kujua. Yaani:

"Habari za kazi. Naitwa fulani, nasoma sosholojia mwaka wa tatu. Muhula uliopita niliwahoji wafanyabiashara arobaini kuhusu namna wanavyokopeshana wao kwa wao bila benki. Nimeona mmeanzisha mikopo ya vikundi, nikataka kujua mnawezaje kumpima mkopaji asiye na dhamana."

Isome kwa sauti chumbani, ukimwambia rafiki yako, mpaka iache kusikika kama shairi la kukariri. Sehemu ya katikati ndiyo inayobeba uzito wote. Usiseme "napenda kufanya kazi na watu" au "ni mchapakazi", kila mmoja anasema hivyo na hakuna anayeweza kuyaandika nyuma ya CV. Sema ulichofanya. Hata kama ni kazi ya darasani, hata kama ni hesabu za kikundi cha wanafunzi ulizozitunza kwa mwaka mzima, sema.

Siku yenyewe fika milango inapofunguliwa. Saa ya kwanza waliopo mezani wana nguvu na foleni bado hazijajaa. Mchana ukumbi unafurika, na jioni baadhi wanafunga mizigo kabla ya muda. Usianze na mwajiri unayemtaka kuliko wote. Anza na mmoja ambaye ukikosea hutaumia, ulegeze ulimi, kisha nenda kwa wale watatu. Ukiwa kwenye foleni weka simu mfukoni, sikiliza anayezungumza mbele yako. Swali lililokwisha kuulizwa hutalirudia, na jibu alilopewa mwenzako linaweza kukuzalia swali bora zaidi.

Tazama pia ni nani aliyekaa. Mara nyingi kuna afisa wa rasilimali watu na kuna mtu wa idara, pengine kijana aliyehitimu karibuni. Mambo ya fomu, tarehe na viwango muulize afisa. Habari za kazi ilivyo muulize wa idara: "Mtu mpya kwenye idara yenu anafanya nini miezi sita ya mwanzo?" Na kuna swali moja ninalompa kila mwanafunzi, kwa sababu nililiulizwa mara chache sana na kila mara lilinifanya niweke kalamu chini nikajibu kwa moyo: "Waombaji mnaowaacha, mara nyingi huwa wamekosea wapi?" Utaambiwa mambo ambayo hayaandikwi kwenye tangazo lolote.

Muulize vilevile kama wamekuja wakiwa na nafasi sasa, na kama hawana, huwa wanafungua lini. Kampuni nyingine huja kujitangaza tu. Hilo si kosa, lakini unapaswa kulijua usije ukasubiri simu isiyokuja. Nyingine, hasa zile kubwa zenye programu za wahitimu, hufungua maombi miezi mingi kabla ya mtu kuanza kazi, na mwanafunzi anayesubiri mpaka amalize mitihani ya mwisho hukuta dirisha limefungwa. Kwa mtu wa mwaka wa tatu hii ni habari ya thamani kubwa. Kama hujafanya mafunzo kwa vitendo, uliza hayo kwanza kabla ya kuuliza ajira. Yana ushindani mdogo kidogo, na waajiri wengi hupenda kumchukua baadaye mtu waliyekwisha kumwona akifanya kazi.

Zungumza dakika tatu mpaka tano, kisha ondoka wewe mwenyewe kabla hujaondolewa. "Nashukuru, nisiwanyime wenzangu nafasi. Naweza kukuandikia nikiwa na swali?" Akikupa kadi au anwani, pokea. Akikuelekeza kwenye anwani ya jumla ya kampuni, mwombe jina lake tu. Kisha sogea pembeni, simama ukutani, na kabla hujaenda meza nyingine andika yote aliyokuambia. Ukiahirisha mpaka jioni, sauti za meza zote zitakuwa zimechanganyika kichwani.

Barua pepe iende siku hiyo hiyo au kesho yake. Mistari mitano inatosha: ni nani, mlikutana wapi, alisema nini kilichokusaidia, umefanya nini na ushauri huo, asante. Mfano: "Uliniambia waombaji wengi huachwa kwa sababu hawaelezi walivyochambua takwimu zao. Nimeirekebisha CV yangu sehemu ya utafiti na nimeomba nafasi ya msaidizi wa utafiti wa wateja." Usimwombe akupe kazi. Mtu anayeona ushauri wake umefanyiwa kazi huwa na hamu ya kujua uliishia wapi. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja, kwa adabu. Kisha nyamaza mpaka uwe na jambo jipya la kumwambia, kwa mfano umemaliza utafiti wako au umepata mafunzo mahali fulani.

Huenda darasani mmekwisha kutana na Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani. Mwaka 1973, katika American Journal of Sociology, alieleza aliyoyakuta kwa wataalamu waliobadilisha kazi kwenye kitongoji kimoja cha Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu waliyemjua, chini ya 17 kwa mia walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye mara moja moja, na karibu 28 kwa mia walionana naye kwa nadra sana. Maelezo yake ni haya: rafiki zako wa karibu wanajua unayoyajua tayari, wakati mtu wa mbali anaishi kwenye duara lingine na kule kuna habari ambazo kwenu hazifiki. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa uliofanywa kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, na ukaonyesha kwamba uhusiano wa kufahamiana kwa kiasi huwasaidia watu kuhamia kazi mpya kuliko ule wa karibu kabisa. Kama huna mtu wa kukushika mkono, siku ya maonyesho unawekewa ukumbini watu wa mbali wa aina hiyo hiyo, na wamelipwa kuja kuzungumza nawe. Binti wa tajiri huwapata nyumbani kwao. Wengine tunawapata pale. Ndiyo maana sikubali ukae hosteli siku hiyo.

Kuhusu alama: usizifiche na usizitangulize. Baadhi ya waajiri wana kiwango cha chini, na mfumo wao humwacha aliye chini yake bila mtu kumsoma. Muulize afisa waziwazi, "Kuna kiwango cha alama?" Kama kipo na hukifikii, umeokoa jioni nzima ya kujaza fomu, nenda meza inayofuata. Kama hakipo, usiulizwe ukaanza kujitetea. Sema alama zako zilivyo, kisha sema kazi uliyoifanya vizuri. Kama zimepanda mwaka hadi mwaka, litaje hilo.

Neno moja la tahadhari, kwa sababu matapeli nao hujua kukodi meza. Mwajiri wa kweli hakutozi fedha ya fomu, ya usaili, ya mafunzo wala ya sare. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa kwa vighairi vichache vinavyoruhusiwa na serikali husika. Anayekudai fedha mezani, mwache na uwaarifu waandaaji. Na kwenye daftari la kujiandikisha weka jina, simu na barua pepe tu. Namba ya kitambulisho na ya akaunti ya benki hutolewa baada ya kupewa kazi.

Wiki tatu zinatosha. Orodha ya waajiri ikitoka, chagua watano wako, uandike sentensi yako ya kwanza, kisha uniletee vyote viwili. Nitakusomea, na kama kuna meza ambayo hujui uulizie idara gani, tutaitafuta pamoja.